Alama ya Dakika ya Tano

Kabla hajakuruhusu kugusa sarafu yake, alikutuma bombani. Hakujali wewe ni nani. Aliwahi kumtuma mzee wa kanisa aliyekuja na suti ya ubatizo wa mjukuu wake, na mzee wa watu akaenda, akarudi mikono inachuruzika maji, akaambiwa, "Kucha nazo." Ulisugua kwa sabuni mpaka kiwikoni kama unaingia chumba cha kuzalishia. Lakini sarafu yenyewe, ole wako uitie maji! "Oga wewe," alikuwa akisema, "sarafu iache."

Tulimwita Mkunga, maana ndiyo kazi aliyoifanya Kiomboi mpaka akastaafu, na kule Iramba sidhani kama kuna ukoo usio na mtu aliyepita mikononi mwake. Mimi nilimjua ukubwani, kwa ajili ya sarafu tu, na tukajuana miaka mingi mpaka tukafika pale ambapo watu wanaweza kugombana asubuhi na jioni wakapigiana simu kuulizana habari za mafua.

Mimi nakamua alizeti hapa Mwankoko. Watu wananiita Mama Alizeti, na mashine yangu ina kelele kuliko mimi, ingawa mume wangu anabisha. Sarafu yangu ya kwanza niliikuta chini ya gunia la mkulima, senti ya tundu ya enzi za Mwingereza. Nikaipenda, basi, ugonjwa ukaingia. Ukishaanza kukusanya sarafu za zamani huponi. Nikasikia kwamba nyuma ya hadiwea ya Hajji, pale mjini, kuna wendawazimu wenzangu wanaokutana Jumapili mchana kanisa likishatoka, wanakaa kati ya mabati na ndoo za rangi, wanabishana. Nikaenda. Mtu wa kwanza kuniona alinitazama mikono.

Namna yake ya kupima sarafu aliitoa wodini. Mtoto akizaliwa, mkunga humpa alama mara mbili: dakika ya kwanza baada ya kutoka, na dakika ya tano. Ngozi ina rangi gani, moyo unadunda vipi, anapumua, analia, anarusha miguu? Kila kimoja kina alama mbili, jumla kumi. Basi Mkunga naye alizigawa hivyohivyo sarafu: rangi, uso, maandishi, ukingo na mlio. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza dirishani, akataja alama ya dakika ya kwanza. Kisha akailaza juu ya kitambaa cheupe, akanywa chai, akauliza mvua imefika wapi. Halafu akaichukua tena.

"Ya kwanza ni ya mshtuko," alitufundisha. "Mtoto anatoka amelegea, unampa mbili, roho inakuuma. Dakika ya tano analia mpaka anakuudhi. Na mwingine anatoka na kelele zake, ukigeuka anazimika. Sarafu nayo usiiamini kwa kuiona mara moja."

Nimeshawahi kumwona akiipa shilingi ya simba alama tisa, akanywa chai, akaishusha mpaka tano kwa sababu mara ya pili aliona ukingo umepigwa tupa na maandishi yamechongwa upya. Mwenye shilingi alikasirika kweli. Mkunga akamwongezea karanga kwenye kiganja, akamwambia, "Kula, usinune. Sijasema wewe ndiye mwenye tano."

Hajji alikuwa upande wa pili wa vita. Mtu mpole, amemzidi Mkunga kwa mali na amezidiwa naye kwa umri, kwa hiyo kila Jumapili ilianza kwa "Shikamoo, mama," na "Marahaba, Hajji," hata kama Jumapili iliyopita waliachana kwa kutupiana maneno. Imani yake ilikuwa moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu ni ya kutazamwa, na kinachotazamwa sharti kivutie. Alizisugua zake kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa, akazipanga kwenye kabati ya kioo juu ya misumari. Wateja waliokuja kununua bawaba walisimama kuzitazama, naye akafurahi.

"Uzuri wa mkakasi," Mkunga alimjibu, "ndani kipande cha mti. Hajji, hiki ulichonipa si sarafu, ni kijiko. Haya, leta na uji."

Loo, tulicheka siku ile! Hajji naye alicheka, lakini macho aliyapeleka kwenye misumari. Ugomvi wao ulipopanda, Mkunga alihamia Kinyiramba na Hajji akajibu kwa Kinyaturu chake, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, na ajabu ni kwamba hapo ndipo walipoelewana zaidi. Sisi wengine tulikula karanga zao.

Kiini cha ugomvi kilikuwa rangi. Rupia nyingi za Mjerumani zilizopatikana huku kwetu zilitoka kwenye dari za tembe. Wazee walizichomeka kwenye udongo wa paa, juu ya jiko, na moshi ukazila polepole kwa miaka. Fedha halisi ikikaa kwenye moshi inabadilika: kwanza inakuwa manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, na ikikaa sana, buluu. Hajji aliita huo uchafu. Mkunga aliita ngozi. "Ukiisugua umemchuna mtoto," alisema, na alisema kwa uchungu wa kweli, siyo kwa mzaha. Mtu akiuliza je, sarafu ya kahawia na ya manjano ipi bora, hapo tena walianza upya, maana mmoja anapenda hii na mwingine ile, na hakuna rula ya kupimia mvuto. Mkunga alidai mvuto si hoja kabisa. Alama ni alama, moyo wako hauhusiki.

Thubutu! Moyo wake ulihusika. Kwenye pochi yake alikuwa na sumuni ya sungura, ile ya kawaida kabisa, iliyochakaa, ambayo kwa sheria zake mwenyewe isingepata hata alama nne. Nikamuuliza kwa nini anatembea nayo. Akasema, "Sungura huyu ana uso wa mtu anayezuia kicheko." Nikamwambia huo ndio mvuto, mama. Akaniambia nikanawe mikono.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa bahili wa sukari kwenye chai ya wageni, lakini alipanda basi kwenda Kinyangiri kumrudishia mama mmoja mjane rupia aliyokuwa ameinunua wiki iliyotangulia, kwa sababu alisikia kwamba mjane aliiuza siku ya tatu baada ya mazishi. Kanuni yake ilikuwa kwamba mjane hauzi akiwa bado analia, na kosa lilikuwa lake kutouliza. Mama yule alibaki na rupia yake na pesa pia, maana Mkunga alikataa kupokea chochote. Aliporudi hadithi yake karibu yote ilikuwa kulalamikia ubovu wa barabara, na ile habari ya mjane akaitaja kwa sentensi moja tu.

Halafu kuna siku ya yai. Alikuja jamaa mmoja wa kupita, ana maneno matamu, ana rupia ya zambarau ambayo sijawahi kuona mfano wake. Ilipopita mkono kwa mkono Hajji mwenyewe, adui wa rangi, alimeza mate. Ilipomfikia Mkunga, hakuipeleka dirishani. Aliipeleka puani.

"Yai," akasema.

"Yai gani, mama?" jamaa akauliza.

"Yai la kuchemsha. Umeifungia kwenye mfuko na yai la moto, rangi ikapanda siku hiyohiyo. Na umekuja kuuza yai Singida, mji wa kuku!"

Jamaa aliondoka bila kuaga. Toka siku ile hakuna aliyethubutu kubishana na jicho la Mkunga. Ndivyo tulivyosema, jicho la Mkunga. Hatukujiuliza kwa nini jicho hilo siku ile lilitumia pua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu ukimsifu mtu ukaruka jambo lililomuuma kuliko yote, unakuwa umemsugua kwa majivu na ndimu.

Hajji alifiwa na mama yake. Walipobomoa tembe lake la zamani, ndani ya dari, juu ya jiko, walikuta rupia moja imefungwa kwenye kipande cha kanga. Upande mmoja mfalme wa Kijerumani na kofia yake yenye tai, upande wa pili simba na mti wake. Hajji hakuisugua. Hebu fikiria, Hajji! Alikaa nayo miezi na hakuigusa kwa ndimu wala majivu. Baadaye aliniambia kwamba kila alipochukua kitambaa alisikia sauti ya Mkunga ikimwambia habari ya kumchuna mtoto. Miaka yote ile ya mabishano, mama wa watu alikuwa ameshashinda na hajui.

Jumapili moja aliileta. Alinawa bila kutumwa. Akaifungua ile kanga mbele yetu, na mimi nilipoiona nilisema "Mtume!" japo mimi ni Mlutheri. Ilikuwa buluu. Si buluu ya rangi ya mlango, ni ile ya shingo ya njiwa akigeuka juani, na karibu na ukingo zambarau kidogo. Hajji alimkabidhi Mkunga kwa mikono miwili. Sote tulijua anachotaka. Hakutaka kuiuza, hakutaka kushindana. Alitaka Mkunga aseme kwamba safari hii ameifanya sawasawa, kwa sarafu ya mama yake.

Mkunga aliigeuza dirishani. Aligeuza sana.

"Nne," akasema.

Akanywa chai. Hajji hakunywa. Dakika ya tano akaichukua tena, akaisogeza karibu na uso kuliko kawaida.

"Tatu. Nyeusi hii, Hajji. Moshi umezidi. Rangi imekufa."

"Mama," nikadakia, maana mdomo wangu hauna breki, "mbona mimi naiona buluu?"

"Wewe macho yako yameingia mafuta ya alizeti," akanijibu, na watu wakacheka, na ikaisha hivyo.

Jumapili iliyofuata rupia ilikuwa kwenye kabati ya kioo, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Mkunga aliiona kupitia kioo. Alisema neno moja tu, "Kijiko," na Hajji akageuka kupanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa. Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana. Hajji alianza kuwa na safari kila Jumapili, duka likawa limefungwa, na kikundi chetu kikafa bila mtu kukizika. Mkunga akasema watu wa siku hizi hawapendi kuambiwa ukweli. Nilimkasirikia sana kwa hilo, na nilimwambia.

Dalili zilikuwepo, ukitaka kuhesabu nyuma. Alimimina chai kwenye sahani badala ya kikombe akasema kikombe kimeteleza. Alinipa sarafu akaniambia nimsomee mwaka, miwani ameiacha nyumbani, na miwani ilikuwa puani. Mwishowe binti yake alimpeleka kwenye kambi ya macho, wakamkuta na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alinipigia simu kabla ya upasuaji, akacheka, "Nimezalisha wilaya nzima, na wangu wawili nikakaa nao bila kujua nina mimba."

Simu ya pili ilikuja baada ya kutolewa bandeji. Hiyo hakucheka.

"Mama Alizeti, kitambaa cha meza yangu kina rangi gani?"

"Kile chenye maua? Buluu, mama."

"Mimi nilikinunua kama kijivu." Mashine yangu ilikuwa inanguruma, nikamwambia kijana aizime. "Daktari anasema ule ukungu ulikuwa na umanjano. Kwa miaka nimekuwa nikitazama kupitia umanjano. Manjano niliiona nzuri sana, si ndiyo? Kahawia niliipa alama. Lakini buluu ilifika kwangu ikiwa nyeusi."

Nikajua anakoelekea.

"Hajji," akasema, "ile rupia ya mama yake bado anayo?"

Wiki chache baadaye alishuka stendi ya Singida, kikapu mkono mmoja na jogoo mkono wa pili, amefungwa miguu. Nilimwambia angepiga simu tu, Hajji ni mwelewa. Akanitazama kwa macho yale mapya, makali, nikajiona hata chunusi zangu zinahesabiwa. "Nilimwambia mbele ya watu," akasema. "Ningekuwa na nguvu ningewaita watu walewale." Alinituma niwatafute. Niliowapata walikuwa wawili, nikawaburuta.

Hadiwea ilikuwa wazi. Hajji alipotuona aliinuka polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Hajji. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni." Hakutabasamu, lakini alivuta viti.

Mkunga hakukaa. Alinikabidhi jogoo, akapita kati ya mabati mpaka bombani kule nyuma, akakunja mikono ya gauni, akaanza kunawa. Alisugua mpaka kiwikoni, uzee wake wote ule. Hajji alimtazama kwa kitambo, kisha bila kuulizwa akampigia mke wake simu nyumbani, na baada ya muda ikaletwa ile rupia, kwenye kipande kilekile cha kanga.

Mkunga aliishika kwenye ukingo, akaipeleka kwenye mwanga.

"Ilikuwa buluu," akasema.

"Ilikuwa buluu, mama."

"Na wewe uliiona hivyo."

"Niliiona kila siku."

"Sasa Hajji, mtu anakioshaje kitu anachokiona buluu?"

Hajji alikuna ndevu. "Ulisema rangi imekufa. Nikajua macho yangu ni ya kuuza misumari. Nani angebishana na jicho la Mkunga?"

"Mimi nilibisha!" nikasema.

"Nyamaza, Mama Alizeti," wakasema wote wawili, na jogoo akapiga kelele mikononi mwangu.

Mkunga alivuta pumzi. Nilimfahamu mwanamke huyu miaka mingi na sikuwahi kumsikia akiomba radhi hata kwa kukukanyaga mguu. "Nisamehe, Hajji," akasema, kwa sauti ya kusikika na wale wawili niliowaburuta. "Ile ilikuwa rupia nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Uliitunza kama inavyotakiwa, na mimi nikakwambia imekufa. Wewe ulishika kitambaa tu. Aliyeiua ni mimi."

Hajji aliinamisha kichwa. "Nimeshasamehe, mama. Ila hairudi."

Mkunga alikuwa bado anaigeuza, safari hii kwa namna nyingine, ameilaza karibu sana, mwanga ukiipita kwa ubavu. "Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Niliitoa kabatini siku ileile uliyoiita kijiko. Nikampa mke wangu. Ameiweka jikoni, juu ya kabati, huko kwenye moshi wa mkaa. Sikutaka kuiona."

"Njoo hapa."

Hajji akasogea. Mimi nikasogea na jogoo wangu. Mwanzoni sikuona kitu, chuma cheupe tu. Kisha Mkunga akaiinamisha kidogo, na pale ukingoni, nyuma ya kofia ya mfalme, kulikuwa na mstari wa manjano, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Inapumua," Mkunga akasema.

Akailaza kwenye kile kipande cha kanga, akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Dakika ya kwanza naipa tatu," akasema. "Mbili za maandishi, moja ya rangi."

"Na ya tano?" Hajji akauliza.

Chai ilikuwa imeletwa. Mkunga aliikoroga, akaongeza sukari ya watu bila haya, vijiko alivyotaka. "Manjano, kahawia, zambarau, mpaka ije ifike kule ilikokuwa," akasema. "Irudishe jikoni, mke wako aendelee kupika. Alama ya dakika ya tano utaitoa wewe, Mungu akikujalia umri. Uitoe kwa macho yako hayohayo ya misumari. Na mtu akikwambia ni nyeusi, hata nikiwa mimi nimefufuka, usimsikilize."

Hajji aliikunja ile kanga, akaikunja tena. Kisha akainuka, akakunja mikono ya shati, akapita kati ya mabati kwenda bombani, na tulisikia maji yakimwagika muda mrefu.